Chuma Kilichomo Katika Damu Zetu

 

Ndugu zangu Waislamu, leo naandika kurudi katika jawabu niliyoitoa mwenyewe mbele ya watu. Kosa lililofanywa hadharani hurekebishwa hadharani, na karatasi hii yetu ndogo huwafikia watu wa Kisumu na jamaa zetu walioko Mombasa, Malindi na Lamu; basi ndipo pahala pake.

Katika darsa yetu ya hapa Milimani, inayoketi kila Jumamosi baada ya Magharibi, kijana mmoja wa skuli ya sekondari aliniuliza suali. Nduguye mdogo alikuwa ametoka hospitali siku chache nyuma. Malaria ilikuwa imemla damu, kama inavyowafanyia watoto wengi wa pande hizi za ziwa, hata ikabidi atiwe damu ya mtu mwingine. Naye mwalimu wa sayansi alikuwa amewafundisha kwamba damu haichukui pumzi ila kwa chuma kilichomo ndani yake, na kwamba chuma hicho kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijakuwako. Kijana akasema: "Sheikh, mimi nimesoma kwako kwamba tumeumbwa kwa udongo. Sasa nishike lipi?"

Nikamjibu: "Shika alilokwambia Mola wako, uyaache maneno ya nyota." Wazee wakaitikia vizuri, wengine wakatabasamu. Kijana akafunga daftari lake. Jumamosi tatu zimepita, hajarudi.

Usiku ule, tulipokuwa tukiteremka barabarani, mmoja katika wanadarsa, ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma, aliniambia kwa adabu: "Maalim, umemjibu, lakini hukumwambia kitu." Neno hilo likanikaa. Nikamtafuta mwalimu wa sayansi, nikaketi naye siku mbili, nikasoma nilichoweza kukisoma. Nami nawaeleza niliyoyapata.

Kwanza ijulikane kwamba wanapotaja kufa kwa nyota, hawakusudii kifo cha kiumbe mwenye roho. Ni kama sisi tunavyosema saa imekufa, au gari limekufa njiani. Nyota ni tufe la gesi linalowaka, na moto wake una kuni, na kuni hizo zina kiasi. Zikisha, mambo yake hubadilika.

Kuni hizo ni hidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote. Wanavyuoni wa falaki wanasema kwamba ulimwengu ulipokuwa mchanga haukuwa na kitu ila hidrojeni, kiasi cha robo tatu kwa uzito, na heliamu, kiasi cha robo, na chembe kidogo za vinginevyo. Hapakuwa na chuma, wala chokaa ya mifupa, wala hewa hii ya oksijeni tunayoivuta, wala kaboni iliyo katika kila kiumbe kilicho hai. Vyote hivyo vimepikwa baadaye, na jiko lake ni matumbo ya nyota. Hidrojeni hugandamana ikawa heliamu, nayo heliamu huwa kaboni na oksijeni. Nyota ya kiasi cha jua letu huishia karibu na hapo: hufura, ikawa nyekundu, ikaipuliza gesi yake nje polepole, na katikati pakabaki kijinyota cheupe kama jivu lenye moto.

Lakini nyota kubwa, iliyozidi jua kwa uzito mara nane au zaidi, huendelea kupika. Hupika neoni, na magnesi, na silika, ngazi baada ya ngazi, mpaka inafika kwenye chuma. Na hapa pana jambo ambalo mwalimu yule alinirudia mara mbili ili nilifahamu. Kila kitu kilichotangulia, kikipikwa, hutoa joto, na joto hilo ndilo linaloizuia nyota isijiangukie kwa uzito wake. Chuma hakitoi. Ukitaka kukipika, hula joto badala ya kulitoa. Basi moyo wa nyota ukijaa chuma, nguzo imeondoka: moyo ule huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota yote hupasuka.

Tena iko namna ya pili ya kupasuka. Kile kijinyota cheupe, ambacho huwa na ukubwa wa dunia lakini uzito wake hukaribia wa jua, kikiwa na nyota mwenziwe jirani, huweza kupokea gesi yake au kugongana naye, kisha kikalipuka chote kisibaki kitu. Namna hii ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya chuma cha majarra yetu, yaani ule mkusanyiko mkuu wa nyota ambao siku hizi huitwa galaksi. Mlipuko mmoja hutoa chuma kiasi cha nusu ya uzito wa jua, au zaidi kidogo. Wala hakizaliwi kikiwa chuma. Huzaliwa nikeli, na nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti kwa siku 6, kisha nusu ya kobalti hugeuka chuma kwa siku 77. Mwangaza mkubwa tunaouona kwa wiki nyingi baada ya mlipuko ni joto la mgeuko huo.

Nyota ya namna hii imewahi kuonekana na Waislamu, nao wakaiandika. Mwaka 1006, sawa na mwaka 396 wa Hijra, Ali bin Ridhwan wa Misri, aliyekuwa kijana wa kiasi cha miaka 18 akianza masomo yake, aliona nyota ngeni upande wa kusini, kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au tatu, nuru yake yapata robo ya nuru ya mwezi. Akaandika mahali ilipokuwa katika buruji, kwa uangalifu uliowawezesha wanavyuoni wa zama zetu kulipata tufe la gesi lililobaki, ambalo mpaka leo linazidi kutanuka. Kweli alichanganya na habari za balaa alizodhani zimeletwa na nyota hiyo, na hilo hatulichukui kwake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku hiyo, watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa msiba wake. Akawakataza, akawabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Anayefunguliwa vitabu vya nyota ili aambiwe mke wa kuoa au siku ya kusafiri, na ayakumbuke maneno hayo. Lakini Ibn Ridhwan alitazama, akapima, akaandika. Nami nikajiuliza: lau kijana yule wa Misri angemwendea sheikh wake na suali, akaambiwa "yaache maneno ya nyota", leo tungekuwa na nini?

Turudi kwenye gesi. Baina ya nyota si patupu kabisa. Pana gesi nyembamba mno: katika nafasi ya kipande cha sukari huenda ukapata chembe moja tu, na pengine hata hiyo hupati. Nyota ikipasuka, vyote ilivyovipika hutupwa humo kwa mwendo wa maelfu ya kilomita kwa sekunde, vikaisukuma gesi ile, vikachanganyika nayo. Baada ya zama nyingi gesi hukusanyika tena mawingu mawingu, na ndani yake huzaliwa nyota mpya zenye madini kuliko zilizozitangulia. Mwenye shamba la minazi alifahamu jambo hili kabla ya kuelezwa: makuti huanguka, huoza, ardhi ikanenepa, na mnazi mchanga ukapata usichokipata wa kwanza. Jua letu lilizaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita katika shamba lililokwisha kunenepeshwa hivyo. Hata hivyo katika uzito wake wote, yaliyo mbali na hidrojeni na heliamu hayafiki hata sehemu mbili katika mia. Dunia yetu na vilivyomo vimetoka katika sehemu hiyo ndogo.

Mtu atauliza, nami niliuliza: nani aliyekwenda huko akaona? Jawabu ni kwamba kila kitu kikipata moto hutoa rangi zake. Tupa chumvi kidogo katika moto wa jiko, utaona mwali umekuwa manjano; hiyo ni alama ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Kwa alama kama hizo, mwaka 1952, Paul Merrill wa Marekani aliona katika nyota nyekundu kadhaa zilizozeeka madini yaitwayo teknetiamu, ambayo hayadumu: kwa miaka milioni chache huwa yamepungua, na nyota zile zina umri mkubwa kuliko huo mara nyingi. Basi hapana njia ila yawe yamepikwa humo humo. Mwaka 1957 wanavyuoni wanne, Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, wakaieleza kazi yote ya jiko hilo kwa mpango.

Na ushahidi mmoja mkubwa, ndugu zangu wa Pwani, ulipita mbele ya macho yenu. Wazee wa Malindi na Ngomeni wanakumbuka majukwaa ya Waitaliani yaliyosimamishwa baharini, yakiitwa San Marco, na roketi zilizokuwa zikiruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satalaiti ya Kimarekani ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ilikuwa satalaiti ya kwanza kuwekwa makusudi kuchungua mbingu kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, ya jinsi ile itumiwayo hospitali kupiga picha ya mifupa. Nayo ikaonyesha kwamba katika makundi makubwa ya majarra, baina ya majarra moja na nyingine, pametoka mionzi iliyotanda. Ilikuwa nini? Wengine walisema ni gesi yenye moto, wengine wakafikiri vingine.

Kisha tarehe 15 Oktoba 1974, kutoka majukwaa yale yale, ikarushwa satalaiti ya Waingereza iitwayo Ariel 5. Wanavyuoni wa Chuo Kikuu cha London wakaielekeza kwenye kundi la majarra lililo upande wa nyota ambayo mabaharia huijua kwa jina la Ra's al-Ghul, mbali kiasi cha miaka ya mwanga milioni 240. Mwaka 1976 wakatangaza walichokipata: alama ya chuma. Gesi ile, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, ina chuma ndani yake, kwa kipimo cha karibu theluthi ya kilichomo katika jua letu. Na chuma hakipikwi katika gesi nyembamba. Hupikwa ndani ya nyota na katika kupasuka kwake. Kwa hivyo nyota zilizokufa hazikulisha majarra zao peke yake, bali zilizojaa zilimwaga hata nje. Wavuvi wa Ngomeni waliokuwa wakitweka matanga yao siku ile waliiona roketi ikipanda. Sijui kama yuko aliyewaambia imekwenda kutafuta nini.

Sasa nafika mahali ambapo najua baadhi yenu mmekwisha tangulia. Mtu atasema: "Sheikh, haya tuliyajua zamani! Katika Surat al-Hadid, aya ya 25, Mungu amesema kwamba amekiteremsha chuma. Wao wamegundua jana, sisi tumo nayo miaka elfu na mia nne." Maneno haya nimeyasikia barazani na nimeyasikia mimbarini, na mwenye kuyasema husudi lake ni jema. Lakini elimu ya tafsiri ni amana. Neno lile lile la kuteremsha limetumika katika Surat az-Zumar, aya ya 6, kwa wanyama wa kufuga, na katika Surat al-A'raf, aya ya 26, kwa mavazi. Wala hapana aliyesema kwamba ng'ombe wameshuka kutoka mbinguni. Wafasiri wa kale, wako waliopokea kwa Ibn Abbas kwamba Adam alishuka na fuawe, koleo na nyundo. Na wako waliosema kwamba maana yake ni kuumba na kuwapa watu, kwa kukitoa katika machimbo. Hawa wote walikuwa wanavyuoni wakubwa, na hapana mmoja wao aliyehitaji satalaiti ili aiamini aya.

Mimi simkatazi mtu kustaajabu anapoisoma aya hiyo baada ya kuyajua haya. Mimi mwenyewe nilistaajabu. Ninachokikataza ni kuifunga aya kwa kamba kwenye maneno ya wanafalaki, maana hao kazi yao ni kusahihishana. Chukueni dhahabu, hii iliyowakimbiza watu Kakamega miaka ya 1930. Tarehe 17 Agosti 2017 walishuhudia mizoga miwili ya nyota ikigongana, na madini mazito yakizaliwa humo. Wengi wakasema siri ya dhahabu imekwisha fichuka. Baadaye wakaanza kubishana kama migongano hiyo yatosha kuwa asili ya dhahabu yote, na mpaka leo wanabishana. Wao hawaoni aibu. Ila wewe uliyekwisha funga aya kwenye kauli yao ya juzi, utaifungua vipi?

Tena watu hutaja kimondo cha Mbozi, kule Tanganyika ya zamani, lile jiwe la chuma la kiasi cha tani 16, wakasema: hicho ndicho chuma kilichoteremshwa. Kimondo kile kimeanguka kweli, lakini chuma cha dunia hakikunyesha kama mvua ya vimondo juu ya ardhi isiyo na chuma. Kilikuwamo katika wingu la gesi na vumbi tangu kabla dunia haijafanyika, nayo ikafanyika kwacho. Chuma alichokuwa akikiyeyusha mhunzi wa Samia, ambaye majembe yake yalifika masoko yote ya ziwani na yakalipiwa mahari, na chuma cha reli iliyofika hapa Kisumu Desemba 1901, na kile gramu nne hivi zilizomo katika mwili wa mtu mzima, vyote ni vya ukoo mmoja.

Na hapa ndipo nilipomkosea kijana. Yeye aliuliza: ni udongo au ni nyota? Nami nikamlazimisha achague, hali hapakuwa na la kuchagua. Angalia udongo wa milima ya Maragoli, mwekundu hata nguo ikiugusa haitakati. Wekundu ule ni nini? Ni chuma kilichoshika kutu. Na udongo wote, ule mwekundu na huu mweusi wa Kano, ni silika na oksijeni na madini mengine, na kila moja katika hayo wamelitaja katika mapishi ya nyota. Kwa hivyo Qur'ani imetwambia tumetokana na udongo, na wanafalaki wanasimulia udongo huo ulikotoka. Msimulizi wa pili hakumkadhibisha wa kwanza, wala hakupewa kazi yake. Kwa nini tumeumbwa na tutarudi kwa nani, hayo hayapimwi kwa mionzi.

Damu aliyotiwa yule mtoto ilitoka kwa mtu asiyemjua, labda Mluo, labda Mhindi, labda mtu wa kwetu Pwani. Hospitali waliangalia kundi la damu, hawakuangalia ukoo. Sisi ambao wengine wetu tungali tukihesabiana nasaba barazani, nani wa wapi na nani kaja na jahazi gani, tuna la kufikiri katika jambo hilo. Ila sitaki kutoka nje ya maneno yangu.

Anayetaka kuona kwa macho yake nyota inayokaribia mwisho, na aitazame ile nyekundu iliyo begani mwa Jauza. Wazungu huiita Betelgeuse, na jina hilo lenyewe ni Kiarabu kilichoharibiwa na wanakili. Iko mbali kupita miaka ya mwanga 500, na ni kubwa hata ingewekwa mahali pa jua ingeimeza dunia. Kuanzia mwisho wa mwaka 2019 mpaka Februari 2020 ilififia, nuru yake ikapungua chini ya nusu, watu wakadhani inapasuka. Ikabainika kwamba ilikuwa imetupa pumzi kubwa ya gesi, nayo ikapoa ikawa vumbi, likatukinga tusiione. Ndiyo kazi ile ile ya kurudisha kwenye shamba, mbele ya macho yetu, na mlipuko wenyewe bado. Huenda ukachukua miaka mia elfu. Mwezi wa Februari, saa nne za usiku, huwa karibu na utosi wa mtu aliyesimama hapa Kisumu.

Jumatano iliyopita nilikwenda kwa kina kijana yule. Sikumkuta. Mamake alinikaribisha chai, na yule mdogo alikuwa akicheza mlangoni, uso umerudi rangi yake, akinitazama kama mtu aliyemnyang'anya kaka yake kitu. Nimeacha ujumbe kwamba nilikosea, na kwamba Jumamosi ya kwanza ya Februari darsa itaketi nje baada ya Isha, hapo hapo Milimani, mbali kidogo na taa za barabarani. Kila mtu aje na mkeka wake. Nami nimemwomba mamake amwambie kwamba atakayetuonyesha Jauza ni yeye. Mimi macho yangu hayaoni vizuri usiku.